Vinundu vya Pichesi

Kila asubuhi, kabla hajazungumza na mtu yeyote, Paskalina Mlowe alijaza maji kwenye bakuli jeupe la bati, akalitua juu ya gogo penye mwanzo wa tuta, akachovya humo kisu kidogo chenye mpini wa mfupa. Alikichovya mara tatu. Kisha alikipangusa kwa pindo la khanga, akapiga magoti, akaukata mche wa kwanza. Kabla ya kugusa mche wa pili alikichovya tena. Ikiwa siku hiyo ana miche themanini, alichovya mara themanini, na maji yakishageuka rangi ya chai hakuyamwaga mpaka jioni, kwa sababu mto ulikuwa bondeni na magoti yake yalikuwa yamechoka. Alikuwa amechovya kisu hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Nilimkuta mwezi wa Novemba mwaka 1978, katika bustani ya miche iliyo nje ya mji wa Iringa, njia ya kwenda Kilolo. Nilikuwa nimetoka kitivo cha kilimo Morogoro mwaka mmoja kabla, nikapangiwa kituo cha utafiti Mbeya, na kazi yangu mpaka hapo ilikuwa kupima udongo na kupanga majarida katika maktaba ya kituo, kazi niliyoipenda kwa sababu majarida hayaongei. Ndipo zikaja barua kutoka vijiji vya Iringa. Miti ya pichesi waliyopewa ilikuwa imedumaa. Chini ya shina, pale mti unapoingia ardhini, ilikuwa imeota vinundu vikubwa kama ngumi, vigumu, vyenye magamba. Wakubwa walikuwa na mambo mengi, nikatumwa mimi.

Nilipelekwa na Masunga, dereva wa kituo, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Njia nzima kutoka Mbeya alizungumza yeye, nami niliitikia. Alipofahamu tunakwenda kutazama nini, alicheka mpaka akapunguza mwendo.

"Kwetu ng'ombe akivimba shingo tunampasua, tunakula nyama, mambo yanakwisha," alisema. "Ninyi wasomi mti ukivimba mnatuma Land Rover."

Msimamizi wa bustani, Bwana Anania, alitupokea akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza wiki chache tu, na malori ya mkoa yalikuwa yanachukuliwa moja baada ya jingine kwenda kaskazini. Yeye alikuwa ameahidiwa lori moja, Jumamosi, na baada ya hapo hakuna aliyejua lingine lingepatikana lini. Alikuwa na miche elfu tatu na mia moja ya kugawa kwa vijiji kumi na kimoja. Mashimo yalikuwa yamekwisha kuchimbwa, mvua zilikuwa karibu. Kilichobaki ni sahihi yangu kwamba miche ni mizima.

Alinieleza upande wa pili pia, kwa sauti ile ile. Nikiandika kuwa kuna ugonjwa, miche itachomwa na bustani itafungwa miaka mitatu. Yeye atahamishiwa kwingine, kwa kuwa ni mtumishi wa serikali. Paskalina ni kibarua. Alikuwa kibarua tangu siku ya kwanza, hakuna aliyewahi kumwandikia barua ya ajira. Yeye atarudi nyumbani.

Nilimsalimu Paskalina kwa Kihehe kidogo nilichojifunza, nikasema kamwene. Akaitikia, kamwene, akanitazama viatu, kisha akanipa jembe dogo. Hakungoja niulize kitu. Alinipeleka moja kwa moja kwenye tuta la nne, akafukua udongo kwa vidole, akanionyesha.

Kinundu kilikuwa na ukubwa wa kokwa la pichesi lenyewe. Kilikuwa kimekaa mahali hasa alipokata kwa kisu.

Niseme kidogo kuhusu kukata huko, maana ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Pichesi ya kienyeji inaota popote Iringa, lakini tunda lake ni dogo na chungu. Mtu wa bustani hupanda kokwa la kienyeji, na mche ukifikia unene wa kalamu hupasua gome lake, hupachika humo kikonyo, yaani kijiti chenye chipukizi, kutoka mti wenye matunda mazuri, hufunga kwa kamba ya mgomba, hungoja. Vikishikana, mche wa kienyeji unakua ukizaa matunda ambayo si yake. Hii huitwa kubebesha. Mkono usiozoea hupoteza nusu ya vikonyo. Wa Paskalina, walisema, hupoteza vitatu katika mia.

"Nimekikata," aliniambia, akigusa kile kinundu. "Nimepaka majivu ya moto. Kimerudi. Huu hapa nimeukata mara tatu. Ni mdudu gani huyu asiyekufa?"

Nilikuwa na jibu, lakini lilikuwa refu, na mvua ya manyunyu ilianza. Tukaingia jikoni kwake, kibanda cha fito pembeni mwa bustani, naye akaanza kubambua maharage. Masunga alikaa mlangoni akiota moto.

Nilimweleza niliyoyasoma katika jarida moja lililokuja kwa meli na kukaa bandarini miezi minane kabla ya kufika Mbeya. Mdudu huyu ni bakteria, haonekani kwa macho, na anaishi udongoni. Hana meno. Hawezi kuingia kwenye mti mzima, anangoja jeraha. Wataalamu wa Amerika na wa Ubelgiji walikuwa wameuliza swali hilo hilo la Paskalina: kwa nini kinundu kinaendelea kukua hata bakteria akiwa amekufa? Kila kilicho hai kina maagizo ndani yake, yanayomwambia mtoto wa haragwe awe haragwe na wa pichesi awe pichesi. Mwaka uliopita walikuwa wamegundua kwamba bakteria huyu hukata kipande cha maagizo yake mwenyewe na kukiingiza katika maagizo ya mti. Tangu hapo mti unatii. Unajenga kinundu kwa nguvu zake wenyewe, na ndani yake unapika chakula ambacho hauwezi kukila. Anayekila ni yule mdudu. Ukimuua yeye, mti unaendelea kupika.

Paskalina alibambua maganda mawili matatu.

"Kwa hiyo naye anabebesha," alisema.

Nilisema ndiyo. Nikaongeza, kwa kuwa jambo hilo lilinifurahisha tangu siku nilipolisoma, kwamba wako wanaofikiri siku moja wataweza kumnyang'anya bakteria maagizo yale mabaya na kumpa mengine mema ayabebe, ili aingize katika mmea uwezo wa kuvumilia ukame, au kutoliwa na funza. Bado hakuna aliyefanya hivyo. Ni matumaini tu.

"Wayape mahindi maagizo ya kujipalilia," alisema Masunga kutoka mlangoni. "Hapo hata mimi nitarudi Usangu nilime."

Paskalina alicheka kidogo, cheko la mtu aliyekesha. Akasema kama wataalamu hao wana muda wa kuwaza hayo, basi hawana matuta ya kupalilia. Kisha akanirudishia jembe, kwa kuwa manyunyu yalikuwa yamekatika.

Siku ya pili nilifukua tuta baada ya tuta. Miche ya kienyeji ambayo haijabebeshwa ilikuwa safi yote. Hilo lilinionyesha kuwa ugonjwa uliingilia kwenye jeraha la kisu. Lakini lililonimaliza nguvu niliona siku ya tatu, nalo lilitokana na usafi wa kazi ya Paskalina mwenyewe. Alikuwa na desturi ya kupanda miche aliyoibebesha siku moja katika mstari mmoja, kwa utaratibu ule ule alioikatia, wa kwanza kushoto, wa mwisho kulia, na mwanzo wa kila mstari aliweka kigingi chenye tarehe. Mtu mvivu angeichanganya, nami nisingeona kitu.

Katika mstari wa tarehe mbili Machi, miche kumi na tisa ya kwanza haikuwa na kinundu. Wa ishirini ulikuwa nacho, na kuanzia hapo karibu yote mpaka mwisho. Mstari wa tarehe tatu ulianza upya na miche safi, thelathini na mmoja, kisha ukaumwa wa thelathini na pili na iliyoufuata. Mistari michache ilikuwa safi yote. Hakuna hata mmoja ulioanza na ugonjwa ukamalizika na afya. Kila asubuhi maji mapya. Kisha kisu kinagusa mche mmoja wenye mdudu, kinachovywa, na tangu hapo kila jeraha linaoshwa kwa maji yale yale.

Niliandika tarakimu zote kwenye daftari. Nikakaa nalo siku nzima. Jioni Paskalina alinipa ugali na maharage, akauliza kama nimeona kitu, nikasema bado natazama. Alijua nasema uongo. Aliniongezea maharage.

Ijumaa asubuhi sikuweza kulisema, nikamwomba tu tutembee pamoja kwenye mistari. Nilifukua, yeye akatazama. Mstari wa kwanza alikuwa akihesabu kwa sauti. Wa pili alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kwenye mstari wa tano aliniambia niache. Aliketi juu ya tuta, jambo ambalo hakuwahi kumruhusu mtu kulifanya.

"Ni maji," alisema.

Nilisema ndiyo, ni maji.

Alipoanza kuzungumza hakuwa akinitazama. Zamani, alisema, hayakuwa maji. Bustani hii ilianzishwa na misheni, na aliyemfundisha kubebesha alikuwa Bruda mmoja mzee, mkali, aliyesema maneno machache. Bruda alikuwa akimimina bakulini spiriti ya buluu, ile ya kuwashia taa za karabai. Alimwambia achovye baada ya kila mche. Mwaka 1969 bustani ilichukuliwa na mkoa, Bruda akarudi kwao, na spiriti ikaisha baada ya mwezi. Aliomba nyingine. Aliambiwa itakuja. Wakati anangoja aliweka maji, kwa sababu aliambiwa achovye, na kuchovya lazima kuwe na kitu cha kuchovya ndani yake.

"Nilidhani ni kwa ajili ya utomvu," alisema. "Kisu kisinate. Alisema chovya. Hakusema kwa nini."

Masunga alikuwa amesimama nyuma yetu. Alienda kupangusa kioo cha gari ambacho kilikuwa safi.

Bwana Anania alisikiliza habari hiyo ofisini bila kuketi. Hakukasirika; nadhani hakuwa na nguvu ya kukasirika. Alisema tufanye hivi: vinundu vikatwe leo, mizizi ipakwe tope, lori lipakiwe kesho, nami niandike kwamba kasoro imetokana na udongo. Mwakani tutaona. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba vinundu vitarudi.

"Bibi shamba," alisema, "wewe una kalamu tu. Mimi nina vijiji kumi na kimoja. Wamechimba mashimo. Nikawaambie nini, nikawasomee jarida?"

Paskalina aliuliza kutoka mlangoni kuhusu ile miche ya mwanzo wa mistari, isiyo na vinundu. Kama nina hakika nayo. Nilisema sina, kwamba ugonjwa unaweza kujificha miezi mingi. Akatikisa kichwa, akaondoka.

Kulipopambazuka Jumamosi nilisikia sauti ya mizizi ikikatika. Paskalina alikuwa katika mstari wa tarehe mbili Machi, amefunga khanga kiunoni, anang'oa. Hakuwa na haraka. Alishika kila mche chini, akauvuta, akautupa njiani, akashika mwingine. Nilipofika alikuwa kwenye mstari wa tatu. Hakuniambia nimsaidie, wala hakunizuia. Masunga alikuja na panga akaanza upande wa pili. Alisema kazi hii ni mbaya kuliko kuchinja, kwa sababu ng'ombe walau hukutazama.

Bwana Anania alikuja saa mbili, amevaa koti. Alisimama akitazama miche iliyolala. Nilitegemea kelele. Badala yake aliketi kwenye gogo, akavua kofia, akaiweka magotini. Lori lilipofika saa nne, dereva wake akauliza apakie nini. Aliitazama miche iliyolala, akaenda zake na lori tupu kabla watu wa mkoa hawajajua kwamba halina kazi, wakalipeleka kaskazini.

Tuliichoma miche jioni ile, na keshoyake asubuhi, baada ya Paskalina kurudi kutoka misani. Miche mibichi haiwaki. Inatoa moshi mzito, na ilitubidi kuongeza mabua na kuigeuza kwa uma tena na tena, tukikohoa. Tulimaliza Jumapili adhuhuri.

Ilibaki taarifa. Niliiandika mezani kwa Bwana Anania, Paskalina akiwa ameketi kwenye kiti cha ukutani, mikono imejaa masizi mpaka kwenye viwiko. Niliandika habari za maji, na za spiriti iliyoombwa isije. Niliandika kwamba mkoa ununue spiriti, inayomuua mdudu kisuni, au kisu kipitishwe motoni. Kisha nikafika mahali pa kusema ni miti ya kuanzia mwaka gani itafutwe vijijini na kukaguliwa.

"Andika sabini na sita," alisema Bwana Anania. "Miti iliyolalamikiwa ni ya mwaka huo. Ikiwa ni miaka miwili tu, naweza kusema ni bahati mbaya, naweza kumwombea mama huyu abaki hata kama mlinzi." Alisita. "Ikizidi hapo watauliza nani aliona akanyamaza. Na kila mwaka ni miti elfu tatu."

Nilijua anasema kweli. Nilijua pia kwamba 1969 spiriti ilikwisha, na kati ya mwaka huo na sabini na sita kulikuwa na nafasi kubwa ambayo hakuna barua iliyoizungumzia. Mabonde ya Kilolo na Ilula yalikuwa yamejaa pichesi zake. Watu walipogoa miti hiyo kwa panga moja, mti baada ya mti, na kupeana vikonyo ndugu kwa ndugu. Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. Ningeweza kuandika sabini na sita, na hakuna ambaye angenilaumu.

Tangu nifike sikuwa nimemuuliza Paskalina swali hata moja. Alikuwa akinieleza mwenyewe, nami nilikuwa nikipokea. Niligeuka nikamwuliza aliona kinundu cha kwanza lini.

Bwana Anania alitazama dirishani. Paskalina alijisugua masizi kwenye kiganja kwa kidole gumba, polepole, kisha akaacha.

"Sabini na moja," alisema. "Viliota viwili. Nikavikata, nikanyamaza."